Mbili za Sifa, Moja ya Kurekebisha

Warsha ilikuwa darini, katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe ambayo siku hizi hukodishwa kwa mikutano. Ngazi zake ni nyembamba na zinapanda wima, na kila asubuhi washiriki walifika juu wakihema, wakakaa kidogo kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara kabla ya kuweza kusalimiana. Madirisha yalitazama uchochoro. Nyumba ya upande wa pili ilikuwa karibu kiasi kwamba mwanamke wa huko alipopepeta mchele tulisikia chuya zikiruka. Pangaboi lilizunguka juu ya vichwa vyetu bila haraka, kama mtu ambaye mafunzo hayo yote alikwisha kuyasikia.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Katika mji huu mtu akijulikana kuwa anaandika, hata kama anachoandika ni riwaya ambazo hazijafika mwisho, hupewa kazi ya kuandika maneno ya wengine. Nilikaa pembeni na kompyuta yangu, karibu na meza ya chai, nikisikiliza. Sikutakiwa kusema kitu. Nilipenda hivyo.

Washiriki walikuwa watu wanaofanya kazi na vijana: makocha wa timu za mitaani, walimu wa madrasa, akina mama wa vituo vya wasichana, mtu wa maktaba, mtu wa kikundi cha maigizo. Watu wa kazi hii huwatambui kwa nguo. Unawatambua kwa sauti zilizochanika kidogo, na kwa jinsi wasivyoweza kumwona mtoto akipita na kamba ya kiatu iliyofunguka wasimwambie. Wakikaa kwenye kiti hukaa ukingoni, tayari kuinuka. Hata katika kusikiliza walikuwa kama wanaolinda mtu.

Mkufunzi alitoka bara. Alikuwa mwanamke mchangamfu aliyefunga kilemba cha kitenge, na alikuwa na kipaji cha kukumbuka jina la kila mtu tangu asubuhi ya kwanza. Nilimheshimu. Hakuwa mmoja wa wale wanaokuja na maneno makubwa na kuondoka na picha. Alikuwa ameongoza vituo vya vijana miaka mingi mwenyewe, na alilolileta alilijua kwa mikono.

"Anayefanya kazi na vijana bila mwenzake wa kumwambia ukweli," alisema, "huzeeka pamoja na makosa yake."

Kwa hiyo kiini cha warsha yake kilikuwa mrejesho. Kila watu wawili wangeandaa somo pamoja, wakalifundishe kwa watoto wa kweli nje ya mji, kisha warudi darini, wakae viti vinavyotazamana mbele ya duara zima, na kila mmoja amwambie mwenzake mambo mawili aliyoyafanya vizuri na moja la kurekebisha. Macho kwa macho. Hilo la macho alilisisitiza. Alisema ukweli unaosemwa kwa sakafu hubaki sakafuni.

Kisha akatoa bahasha ya picha alizozikata katikati: nusu ya papai, nusu ya baiskeli, nusu ya kuku. Kila mtu achukue kipande, amtafute mwenye kipande cha pili. Watu wazima wakaanza kuzunguka chumba wakiinua karatasi juu kama wauzaji wa mnadani, wakicheka.

Kijana mmoja wa Jozani alipata kuku, upande wa mkia. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni msituni, na jioni aliongoza kikundi cha watoto wa vijiji vya jirani waliopanda mikoko na kujifunza tabia za kima punju, wale wekundu wa msitu huo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye desturi ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta sauti ya ndege. Alizunguka na mkia wake wa kuku mpaka akafika mbele ya mwenye kichwa. Akasimama pale pale.

Mwenye kichwa alikuwa Bi mmoja wa Nungwi, mwenye kituo cha wasichana. Asubuhi huwafundisha cherahani, na maji yakijaa huwafundisha kuogelea, wakiwa wamevaa nguo zao ndefu walizozishona wenyewe kwa kazi hiyo. Aliiona picha mkononi mwa kijana, akavuta ushungi wake ukafunika shavu, akageuka upande wa dirisha.

Kicheko cha chumba kilishuka. Waliotoka bara, mkufunzi na washiriki wachache, hawakutambua. Sisi wa hapa tulitambua, kwa sababu sote tulikuwa tunajua: wazee wa kijana yule walikuwa wamekwenda Nungwi kumposa binti wa Bi yule, na jibu lilikuwa bado.

Posa ni jambo ambalo kila mtu hulijua na hakuna anayelisema. Binti mwenyewe alikuwa radhi. Hilo nalo lilijulikana. Baba yake ameshafariki, na wenye kujibu walikuwa ami zake. Lakini ami hao walikuwa wamesema wazi kwamba hawatofungua kinywa mpaka mama mtu atoe neno lake, na mama mtu alikuwa hajalitoa. Alikuwa anamwangalia kijana kwa mbali, kama anavyoangalia maji kabla hajawaruhusu wasichana waingie. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamesimama, na hapo ndipo bahasha ya mkufunzi ilipowakuta.

Siku hizi wapo wanaokaa meza moja na wakwe zao na kula nao. Lakini kwa watu wa kaskazini walioshika ya wazee, mkwe haangaliwi usoni. Mama mkwe akipita njia, unapisha. Akiwa ndani, unabisha mlango na kungoja nje. Humtanii, huli naye, humpingi neno. Na mtu aliyeposa akawa anangoja jibu hujichunga zaidi kuliko aliyekwisha kuoa, maana huyu bado hana lake.

Aliyejaribu kuokoa hali alikuwa kocha mmoja wa Ng'ambo, mtu mzima mwenye kitambi, aliyevaa filimbi shingoni hata ndani ya ukumbi. Mkewe ni wa Nungwi, kwa hiyo habari zote alikuwa nazo.

"Mkufunzi," aliita, akipunga nusu ya papai, "mie nibadilishie na huyu kijana. Mie kuku nnampenda sana, daktari kanikataza papai."

"Daktari gani anakataza papai?" mkufunzi alicheka. "Bahati ni bahati, kocha. Kaa na papai lako."

Kocha akatutazama. Sisi tukatazama viatu vyetu. Ingekuwa neno moja tu la kumnong'oneza mkufunzi pembeni, akawatenganisha, mambo yakaisha. Hakuna aliyelisema. Kulisema kungekuwa kuitangaza posa kabla haijajibiwa, na posa iliyotangazwa ikikataliwa huacha aibu nyumba mbili. Kila mmoja wetu alikaa kimya kwa ajili ya stara, na kimya cha watu wengi wenye nia njema kiliwafunga wale wawili kuliko kamba.

Kazi ya kuandaa somo ilifanyika chini, barazani, kwa sababu ya joto. Bi alikaa ncha moja ya baraza, kijana ncha nyingine, na kocha, ambaye mwenzake wa papai alikuwa amekwenda kuswali, akaitwa kukaa katikati.

"Mwambie huyo mwenzangu," alisema Bi akitazama duka la mbele, "kamba iwe ndefu. Watoto wote waishike wanapoteremka pangoni."

Kocha akamgeukia kijana. "Umesikia?"

"Mwambie Mama nnayo kamba Jozani. Ntakuja nayo."

"Anasema anayo."

"Nimesikia, sina uziwi."

"Sasa mie mmeniweka hapa wa nini?"

"Pazia," alisema Bi. "Pazia halisemi. Kaa kimya."

Hivyo wakaandaa somo zima, na lilikuwa somo zuri: watoto wangeteremka katika pango la matumbawe la Mangapwani, wasikilize giza, waone maji baridi yaliyomo ndani, kisha wapande na kueleza mwili ulihisi nini. Somo la kuijua hofu, alisema kijana. Somo la kufuata maelekezo, alisema Bi. Pazia likaitikia kwa kichwa yote mawili.

Mkufunzi alipita, akawaona wamekaa mbali vile, mmoja anaongea na ukuta wa duka, mwingine na vidole vyake vya miguu. Akaja kwangu.

"Kundi lile lina tatizo la mawasiliano," alisema kwa huzuni ya kweli. "Andika, tulifanyie kazi."

Nikaandika.

Kesho yake, kule Mangapwani, watoto wa skuli ya karibu walikuwa wanatungoja kwenye kivuli, wamevaa sare na ndara. Lile shimo walimofichwa watumwa zamani liko mbele kidogo, kwa njia nyingine. Walimu wao walisema leo hapana, leo ni pango tu. Zamu ya kijana na Bi ilipofika, kijana alitangulia, Bi akafuata nyuma, na kamba na watoto wakawa katikati yao, sisi wengine tukiwafuata. Ulikuwa mpangilio ambao hata wakiwa mkwe na mama mkwe usingewavunjia heshima. Nilifurahi kwa ajili yao.

Ngazi za pango zinashuka kwenye giza lenye harufu ya unyevu na popo. Katikati ya ngazi mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi hivi, alisimama. Kamba ikakaza. Nyuma yake watoto wakaanza kusukumana.

"Vipi?" aliuliza Bi kutoka nyuma.

"Sitaki."

"Hutaki nini?" Bi alikuwa na sauti ya kufikisha neno kutoka pwani hadi kwenye mawimbi. "Mtoto wa Mangapwani aogopa pango la Mangapwani? Popo wenyewe wanakucheka! Sikiliza, wanakucheka hao!"

Watoto wakacheka, na mwangwi wa pango ukakicheka kicheko chao mara ya pili. Bi mwenyewe alicheka, bila ubaya. Ndivyo alivyowaingiza wasichana wake baharini wengi, na ndivyo nadhani alivyoingizwa yeye. Msichana akashuka. Alishuka haraka, kukikimbia kile kicheko, na alipofika chini alisimama kando ya maji amekakamaa kama ubao, machozi yakimtoka bila sauti.

Kijana aliyaona. Alimpa kocha ncha ya kamba, akachutama karibu na mtoto, akamwekea tochi yake mikononi, akamwambia jambo ambalo hatukulisikia. Kisha wakapanda pamoja taratibu, mtoto mbele akimulika, mpaka mwanga wa juu ukawachukua. Somo liliendelea. Watoto walisikiliza giza. Wengi walifurahi sana.

Sote tuliona. Nasema kila mmoja wetu, na Bi pia.

Asubuhi iliyofuata, darini, viti viwili viliwekwa katikati ya duara. Chai ya viungo na vitumbua vilikuwa tayari mezani kando yangu, na harufu ya iliki ilijaza chumba, lakini hakuna aliyeinuka. Kijana akakaa. Bi akakaa. Magoti yao yalielekea milango tofauti.

"Macho," mkufunzi aliwakumbusha kwa upole.

Kijana akainua macho mpaka usawa wa mikono ya Bi, akayaacha hapo.

"La kwanza zuri, Mama alifika mapema, akawapanga watoto bila kuwapigia kelele. La pili, sauti yake. Mtoto wa mwisho alisikia kama wa kwanza."

"Vizuri sana. Na la kurekebisha?"

Pangaboi lilizunguka. Upande wa pili wa uchochoro ungo uliacha kupepeta, kama nao unangoja.

"La kurekebisha sikuliona."

"Hakuna hata dogo?"

"Hakuna."

Kocha alikohoa. Mkufunzi alimtazama kijana kwa muda, akaona kwamba hapo pamefungwa, akamgeukia Bi.

Bi alianza na dirisha. "La kwanza, anajua njia. Watu wakimfuata hawaogopi. La pili, hana haraka. La kurekebisha. Jana mtoto alilia kwa ulimi wangu. Aliyemtoa ni yeye. Kampa tochi yake, kapanda naye. Leo anakaa hapa mbele ya watu anasema hakuona kitu."

Kocha akaishika filimbi yake.

"Kama ananiogopa mie," aliendelea Bi, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kueleza kitambaa, "siku mtoto wake wa kule msituni akionewa na mtu mkubwa, nani atamsemea?"

Mkufunzi alishukuru, akatangaza chai. Aliona tu kwamba jambo la maana limetokea. Hakuona limetokea kwa nani.

Kijana alitoka akakaa kwenye ngazi, na kocha akamfuata na vikombe viwili. Mlango ulikuwa wazi na nilikuwa nimekaa karibu nao.

"Umejichongea," alisema kocha.

"Nilikuwa nifanyeje? Nikisema, nimemvunjia heshima mama wa watu mbele ya watu. Nisiposema, mwongo. Nionyeshe pa kupita."

"Hapapitiki. Ungeumwa tumbo."

"Sasa hivi?"

"Jana, yakhe. Tumbo huumwa mapema."

Kijana hakucheka. Alishika kikombe mpaka chai ikapoa. "Posa imeshaharibika," alisema. "Lakini yule mtoto hakulia bure. Wala uongo wangu siuachi umelala pale katikati ya duara."

Tuliporudi alinyoosha mkono, akaomba kurudia. Mkufunzi akaviweka tena viti. Safari hii kijana aligeuza kiti chake chote, akamtazama Bi usoni. Nilisikia mwalimu mmoja wa madrasa akivuta pumzi.

"Mama, niwie radhi kwa lile la kabla ya chai. Nililiona. Yule mtoto alikuwa na haki ya kubaki juu. Kicheko kilimsukuma kuliko mkono. Kule kwetu msituni mtu mzima mgeni akiogopa, hatumcheki. Mmoja wetu hubaki naye njiani."

Bi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliusogeza ushungi wake nyuma mpaka kwenye paji la uso, akageuza na yeye kiti chake, wakawa goti kwa goti.

"Na wenzake wote wakisema nao wanaogopa?"

"Watabaki juu wote."

"Somo lishakufa."

"Halijafa, Mama. Limehamia juu."

"Limehamia juu!" Bi aliligeukia duara. "Mnamsikia? Mie wasichana wangu nikiwaambia anayeogopa maji abaki nchi kavu, nitakuwa nafundisha kuogelea mchangani."

"Wangapi wamejifunza kwa kuchekwa?"

"Wengi."

"Na wangapi hawakurudi kesho yake?"

Bi akafikiri. Nilimwona akiwapitia, mmoja mmoja, wale ambao hawakurudi. "Wapo," alisema mwishoni. "Wapo ambao nilidhani mama zao ndio waliowazuia."

Mkufunzi alikuwa ameweka mikono kifuani kwa furaha. Hicho ndicho alichokuja kukileta kutoka mbali, na alikiona kimetokea mbele yake. Washiriki wa bara walipiga makofi. Sisi wa hapa tulipiga pia, polepole, kama watu wanaopiga makofi mazishini kwa kukosea.

Wakati wa chakula walikaa meza moja. Bi alimsogezea kijana achari. Alimuuliza hufanywaje mtoto akigoma katikati ya mikoko, na kijana alipomweleza jinsi alivyokaa na mtoto mmoja kwenye matope mpaka wote wawili wakasahau nani alikuwa anaogopa, Bi alicheka, kichwa nyuma, mkono mezani. Wakabishana tena. Wakachora ngazi za pango kwa chembe za wali.

Kocha alikuja na sahani yake akakaa nami. Hakuwa na mzaha.

"Basi," alisema. "Keshamkataa."

"Wanaongea vizuri."

"Ndiyo hiyo. Mkwe huongei naye hivyo. Mkwe humsogezei achari kwa mkono wako, hucheki naye mpaka meno ya nyuma yaonekane. Yule kashaamua kuwa huyu si mkwe, ni mtu wa kazini tu. Kamfungulia uso kwa sababu hana tena haja ya kuufunika."

Nilimtazama kijana. Alijua. Mtu wa kwao hahitaji kuelezwa. Alikuwa anaongea kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu tulipoanza. Hakuwa na kitu tena cha kulinda, na maneno yalimtoka safi, moja baada ya jingine. Baadaye, tulipokuwa tunakunja nyaya za projekta, alisema bila kuulizwa:

"Ntamwambia mzee wangu asingoje."

"Bado hujajibiwa."

"Nshajibiwa. Amecheka na mimi."

Siku zilizobaki walikuwa ndio wawili hodari kuliko wote. Mkufunzi aliwatumia kama mfano. Waliigiza mbele yetu mrejesho mgumu, Bi akiwa kocha mkali na kijana akiwa msaidizi wake, na waliigiza kwa ukweli hata kocha wa kweli akalalamika kwamba anasemwa yeye. Vyeti vilitolewa, picha zikapigwa, dua ikasomwa. Kwenye picha ya pamoja wamesimama bega kwa bega, kijana anatabasamu kama mtu aliyelipa deni ambalo lilimgharimu shamba.

Jibu lilitoka Nungwi kabla mwezi haujaandama. Kocha alinitumia ujumbe wa sauti, na kabla ya maneno kulikuwa na filimbi, kipenga kirefu cha mwisho wa mchezo. Ami walikuwa wameitwa, wakakaa, wakamuuliza mama neno lake. Hakutoa hotuba wala sharti. Alisema, "Mpeni."

Sikuelewa, wala kocha hakuelewa, na kwa muda tulilizungumza kama watu waliosoma alama za mawingu vibaya. Nililielewa baadaye, pale mkufunzi aliporudi kutoka bara kutembelea vituo na kuona kama mafunzo yameshika. Alinichukua niandike tena. Tulifika Nungwi asubuhi. Kocha alikuja nasi kwa kisingizio cha kuwasalimia wakwe zake. Kijana alikuwa pale. Alikuwa amewaleta watoto wake wa Jozani wakutane na wasichana wa kituo, na wakati tunaingia alikuwa barazani akigongelea miguu ya benchi. Mlango wa ndani ukafunguka, Bi akatokea. Kijana akainama, akanyanyua benchi na nyundo yake, akazunguka nyuma ya nyumba. Bi akavuta ushungi, akangoja apite, ndipo akatoka kutupokea.

Mkufunzi alisimama katikati ya uwanja, uso umemshuka.

"Wamegombana?" aliniuliza. "Walikuwa wameanza vizuri mno."

Kocha aliangua kicheko mpaka akashika kitambi. Ikabidi Bi mwenyewe amkalishe mgeni wake mkekani na kumweleza yote tangu mwanzo, posa na kuku na pazia. Sasa yalikuwa yanasemeka. Mkufunzi alisikiliza mkono ukiwa mdomoni.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekwambiaje?"

"Sasa, Bi, kama ulikuwa hujamkataa, kwa nini ulimfungulia uso siku ile? Watu wote walidhani umemkataa. Yeye mwenyewe alidhani."

Bi alikuwa anakata uzi kwa meno. Aliutoa mdomoni, akautazama. "Nikishamkubali, nitamsikia wapi?" alisema. "Mwanamume anaingia nyumbani kwangu kwa maisha yake yote, na mie sitosikia tena neno lake ila shikamoo. Alikuwa na siku zile tu za kunionyesha alivyo. Alipogeuza kiti, nikasema haya, na nigeuze changu, tuone kama atarudi nyuma." Akautia uzi kwenye sindano. "Hakurudi."

Mkufunzi hakuandika kitu, na mimi sikuandika.

"Ila nimepata hasara," Bi aliendelea. "Nimepata mkwe, nimekosa mtu wa kuniambia. Huyu kocha nilimjaribu. Anaogopa kuliko mkwe."

"Mie nina mke wa hapa hapa," alijitetea kocha. "Mie nnarudi nyumbani jioni."

"Leo nitakuangalia mimi," alisema mkufunzi.

Akamwangalia asubuhi nzima. Bi aliwafundisha wasichana kukata shingo ya nguo ya kuogelea isiyovuta maji, na watoto wa Jozani walishika mikasi kwa mara ya kwanza, wavulana wakiwa na haya kidogo. Alipomaliza, mkufunzi alikaa mbele yake mkekani, goti kwa goti, akamtazama.

"La kwanza, kila mtoto ameondoka na kitu alichokikata mwenyewe. La pili, yule aliyeharibu kitambaa hukumcheka, ulimpa kingine. La kurekebisha: yule binti wa mwisho alikuwa anaeleza, ukamkatiza."

"Alikuwa anarefusha."

"Alikuwa anafika."

Bi alitafakari. Nyuma ya nyumba nyundo iliyokuwa ikigonga misumari ilikuwa imenyamaza tangu mkufunzi alipoanza kusema.

"Haya," alisema Bi. "Nimelichukua." Kisha akapaza sauti kidogo, bila kugeuka na bila kumtaja mtu: "Na anayegonga, agonge."

Nyundo ikaendelea.